Viatu vya Ziwani Visifike Bandani

Kama unafuga kuku uani hapa Arlington, anza kujiandaa mapema, kuanzia Septemba. Ndio msimu bata mwitu na bata bukini wanaposhuka kutoka Kanada, na moja ya njia zao kuu inapita juu ya Texas. Wengine wanatua Lake Arlington na kando ya mto Trinity. Wengine wanasonga mbele hadi mashamba ya mpunga magharibi mwa Houston. Bata anaweza kubeba virusi vya mafua ya ndege, H5N1, bila kuonekana mgonjwa hata kidogo. Anavitoa kwa mate na kinyesi. Kuku wako wakivipata, banda zima linaweza kwisha kwa siku chache.

Ugonjwa huu uliingia kwenye mabanda ya Marekani Februari 2022. Aprili mwaka huohuo ukagundulika Texas, kwenye kaunti ya Erath, si mbali na Fort Worth. Aprili 2024 shamba moja la kuku wa mayai kaunti ya Parmer lilipoteza kuku karibu milioni 2. Kwetu Afrika Mashariki nako tunaufahamu: Januari 2017 Uganda ilikuta ndege wa porini wamekufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, na virusi vikapatikana pia kwa kuku na bata wa kufugwa Masaka. Hiyo ilikuwa aina ya H5N8, lakini njia ni ileile: ndege wa porini, maji, kisha banda.

Sasa tufanye kazi.

Anza na viatu. Jumamosi umeenda kuvua samaki, au watoto wamekwenda kuwatupia bata mikate bustanini. Mmekanyaga nyasi zenye kinyesi. Mkirudi, mtu anapitiliza moja kwa moja kuokota mayai. Hapo tayari virusi vimeingia na mlango mmevifungulia wenyewe. Nunua mabuti ya mpira ya bei rahisi, yawe ya bandani tu. Yakae mlangoni mwa banda, ndani ya boksi lenye mfuniko. Yasiende sokoni, yasiende ziwani, yasiingie hata gereji.

Mabuti yakichafuka, usiyachovye tu kwenye ndoo ya jiki ukadhani umemaliza. Jiki haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Sugua kwanza kwa brashi, maji na sabuni mpaka mifereji ya soli ionekane. Ndipo utie dawa, uache kwa dakika zilizoandikwa kwenye lebo. Na jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote.

Maji ya kuku yawe ya bomba. Ya dimbwi au ya mvua iliyokingwa nje, hapana. Virusi hivi hukaa muda mrefu kwenye maji ya baridi, na dimbwi ambalo bata wametua halitakuonyesha dalili yoyote.

Chakula kiwe ndani ya banda, chini ya paa. Punje zilizomwagika zifagie jioni. Kama umetundika chombo cha mbegu za ndege nje, kiondoe. Unawaita wageni usiowataka.

Paa la banda lisiwe wavu mtupu, maana kinyesi kinadondoka kutoka juu. Weka bati au turubai. Pembeni zungushia wavu wa matundu ya nusu inchi, hata shomoro asipite. Najua kuku wa kienyeji anapenda kuzurura. Miezi ya baridi mfungie. Atazoea.

Ukinunua kuku wapya mnadani au kwa jamaa, watenge siku 30, mbali na wengine, na vyombo vyao wenyewe. Wahudumie wa mwisho, baada ya wale wa zamani.

Ukifanya kazi kiwanda cha kuku au shamba la ng'ombe wa maziwa, oga na ubadilishe nguo kabla ya kusogelea banda. Tangu Machi 2024 virusi hivi vimepatikana pia kwa ng'ombe wa Texas.

Sasa jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote. Nyumbani kwetu kuku akianza kusinzia, tunamwahi na kisu kabla hajafa. Hapa usifanye hivyo. Kumchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa ndiko kunakokuweka karibu kabisa na virusi. Usimgawie jirani, usimpeleke sokoni. Januari 2025 mtu wa kwanza Marekani alifariki kwa H5N1, jirani zetu tu Louisiana, na alikuwa amekaribiana na kuku wa uani na ndege wa porini.

Dalili zinafanana sana na mdondo: vifo vya ghafla, mayai kupungua au kuwa na ganda laini, kichwa kuvimba, upanga na ndevu kuwa zambarau, kukohoa, kuharisha. Usikisie. Piga simu Texas Animal Health Commission, 1-800-550-8242, au Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), 1-866-536-7593. Wakati unasubiri, usitoe kitu bandani na mgeni asiingie.

Ndege aliyekufa uani usimguse kwa mkono mtupu. Vaa glavu, na watoto na mbwa wakae mbali.

Wewe mwenyewe ukipata macho mekundu, homa au kikohozi ndani ya siku 10 baada ya kushika ndege wagonjwa, piga simu kwa daktari kabla ya kwenda, na umwambie wazi kwamba unafuga kuku. Mfanyakazi mmoja wa Texas aliyeambukizwa mwaka 2024, dalili yake kubwa ilikuwa macho mekundu tu. Dawa ipo, na inafaa zaidi ikianza mapema.

Nyama na mayai ya dukani, pika mpaka ndani pafike nyuzi 165 za Fahrenheit. Kiini cha yai kigande.

Leo jioni andika zile namba mbili kwa kalamu isiyofutika, uzibandike mlangoni mwa banda. Ukisafiri, atakayekulishia kuku aambiwe habari ya mabuti kabla hujamkabidhi ufunguo.