Amiba wa Udongoni na Somo la Kuhara

Hapa kwetu Bariadi neno "amiba" limekuwa jina la kila ugonjwa wa tumbo. Mtu akiharisha usiku, asubuhi yuko dukani ananunua flajili. Sisi wauguzi tunawapokea wengi ambao wamekwisha meza vidonge siku mbili au tatu, kumbe ugonjwa ni mwingine na maji yamewaishia mwilini. Mwezi huu tumeona tueleze habari za amiba ambaye hamdhuru mtu. Yeye amewasaidia wataalamu kuelewa jinsi seli zinavyopeana habari, na jambo hilo linagusa kuhara kwa namna ambayo kila familia inapaswa kuijua.

Amiba ni nini?
Amiba ni kiumbe mwenye seli moja tu. Hana mdomo wala miguu, lakini anakula na kutembea: husukuma sehemu ya mwili wake mbele, kisha mwili wote hufuata. Yupo amiba anayekaa katika utumbo mkubwa wa binadamu na kuleta kuhara damu. Wengine wengi huishi majini na udongoni bila kutusumbua.

Amiba wanaoishi kijamaa
Mmarekani Kenneth Raper alipata amiba wa aina ya pekee katika majani yaliyooza msituni, jimbo la North Carolina. Aliandika habari zake mwaka 1935. Jina lake la kitaalamu ni Dictyostelium discoideum. Chakula chake ni bakteria. Chakula kikiwapo, kila amiba hujitafutia peke yake. Njaa ikiingia, mmoja hutoa kemikali. Jirani akiipata, naye hutoa yake, na habari huenea kama mwano unavyopigwa kijijini ng'ombe wakiibwa. Hukusanyika hata kufikia 100,000, wakawa mwili mmoja wa milimita 2 hadi 4 unaotambaa kuelekea kwenye mwanga. Mwishowe mwili huo husimama kama kiuyoga. Karibu seli moja katika kila tano hufa na kuwa shina, ili zilizobaki zikae juu kama mbegu zikisubiri mahali penye chakula.

Mwaka 2007 watafiti walieleza kwamba katika mwili ule unaotambaa zimo seli za doria. Hizo humeza bakteria na sumu, kisha huachwa nyuma. Seli nyeupe za damu yetu hufanya kazi inayofanana na hiyo: hufuata kemikali mpaka walipo wadudu wa ugonjwa, zikawameza. Usaha tunaouona kwenye kidonda una seli nyeupe nyingi zilizokufa kazini. Ndiyo maana wataalamu humfuga amiba huyu maabara. Ni rahisi kumlisha, na mambo mengi ya seli yake yanafanana na ya seli zetu.

Kemikali hiyo na kipindupindu
Mwaka 1967 wataalamu waliitambua ile kemikali ya kuitana. Inaitwa saikliki AMP. Hata sisi binadamu tunayo. Kwa amiba hutoka nje na kwenda kwa jirani. Kwetu hufanya kazi ndani ya seli, ikipeleka amri.

Hapo ndipo kipindupindu kinapoingia. Bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayozilazimisha seli za utumbo mdogo kutengeneza saikliki AMP kupita kiasi. Seli zikipata amri hiyo humwaga chumvi, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa huharisha kinyesi kama maji ya mchele, na anaweza kufa kwa saa chache tu. Mkoa wetu wa Simiyu ulipata ugonjwa huu mwaka 2024. Huyu si amiba, na flajili haimtibu.

Mlango uliobaki wazi
Wengi husema, "Asipewe maji, atazidi kuhara." Kumbe sumu ile haifungi mlango mmoja wa utumbo: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Vikiingia, maji huingia navyo. Mwaka 1971 Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi wenye kipindupindu maji ya sukari na chumvi katika kambi ya Bangaon, India. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi tufanye nini?
1. Mgonjwa aanze kunywa mara tu anapoanza kuharisha. Changanya pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi. Kama pakiti haipo, weka vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kurundika, katika lita moja ya maji safi.
2. Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo.
3. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.
4. Mpeleke kituo cha afya mara moja akiharisha damu, akiharisha maji mengi mfululizo, akilegea, au macho yakidumbukia. Njiani aendelee kunywa. Kuhara damu kwa mtoto mdogo mara nyingi ni bakteria, si amiba, apimwe kwanza.
5. Maji ya lambo, na ya visima vya mchangani mtoni, yachemshwe. Tutumie choo, tunawe mikono kwa sabuni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani
1. Je, nyumbani kwetu ipo pakiti ya ORS leo?
2. Kwa nini kumnyima maji mtu anayeharisha ni hatari?
3. Usiku wa manane, nani atampeleka mgonjwa kituoni, na kwa usafiri gani?