Nywele na Upungufu wa Homoni za Thairoidi

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutoa homoni zinazoongoza kasi ya kazi za mwili. Homoni hizo zikipungua, mashina mengi ya nywele huacha kukuza na kuingia katika mapumziko. Baada ya miezi miwili au mitatu nywele hizo hung'oka. Kwa hiyo upotevu unaoonekana leo ulianza zamani.

Daktari hutazama kwanza. Mapunye huacha mabaka yenye magamba. Misuko iliyokazwa mno huharibu ukingo wa paji la uso. Upungufu huu, kinyume chake, hupunguza nywele kichwani kote, nazo huwa kavu na kukatika upesi. Pengine hata ncha za nje za nyusi hupukutika. Kisha hushika nywele kama 50, akazivuta taratibu. Zikitoka zaidi ya 5 au 6, upukutikaji unaendelea, ingawa chanzo chake bado hakijajulikana: hicho huelezwa na kipimo cha damu.

Mgonjwa akianza vidonge vya kufidia homoni, nguvu zake huweza kurudi kabla ya nywele, ambazo huhitaji miezi kadhaa. Chanuo kikijaa nywele katika mwezi wa pili, asiache dawa.