Oktoba ya Nyanya na Majina Yake

Katika somo hili nataka tuchunguze majina ya sikukuu za mwezi wa Oktoba. Sisi wa kidato cha tatu tunazijua kama siku za kulala kidogo kabla ya mitihani ya kufunga mwaka, lakini nyanya yangu tunayeishi naye hapa Njoro anazo habari nyingine.

Tuanze na tarehe 20, Siku ya Mashujaa. Neno "shujaa" limetoka Kiarabu. Wingi wake una "ma-", lakini kwa kuwa ni mtu, upatanisho ni wa A-WA: shujaa huyu, mashujaa hawa. Ukiandika "mashujaa haya" kwenye insha utakatwa alama, na usiseme hukuambiwa! Kabla ya Katiba ya 2010 siku hii iliitwa Siku ya Kenyatta. Ni kumbukumbu ya tarehe 20 Oktoba 1952, gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, na usiku huo Mzee Jomo Kenyatta na wengine wengi wakakamatwa. Sita walishtakiwa kule Kapenguria: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba.

Nilikuwa nikiyasoma majina haya kwa sauti jikoni. Nyanya akaacha kuchambua maharagwe.

"Hao nawajua," akasema. "Na baba yangu je?"

Mwaka huo nyanya alikuwa na miaka tisa, na baba yake alikuwa kibarua wa ng'ombe katika shamba la mzungu. Hali ya hatari ilipotangazwa, Wakikuyu wengi wa mashamba ya Bonde la Ufa walifukuzwa, wakarudishwa sehemu za Kiambu, Murang'a na Nyeri. Askari walimchukua baba yake asubuhi kabla hajamaliza kukamua. Nyanya na mama yake wakapakiwa kwenye lori na sufuria moja na kuku wawili. Baba alirudi baada ya miaka sita, hana meno ya mbele, na hadithi ya huko alikotoka hakuisimulia hata siku moja.

Basi mimi nilidhani nyanya anafurahia jina jipya, maana sasa siku si ya mtu mmoja. Wapi! Anasema wakati wa Siku ya Kenyatta walikuwa wanatembea hadi uwanja wa Afraha mjini Nakuru, DC anasoma hotuba ya Rais, ngoma zinachezwa, na pale anakutana na wanawake waliopanda lori lile moja naye. "Jina lilikuwa la mtu mmoja lakini sote tulikuwa pale. Sasa jina ni letu sote, na mimi niko hapa na redio." Mwaka 2023 sherehe ya taifa ilipofanyiwa Kericho nilimwambia twende. Magoti yalikataa. Alisikiliza hotuba mpaka mwisho, kama anayengoja kitu, halafu akaizima redio.

Mimi bado naona jina la Mashujaa ni la haki zaidi. Lakini hilo neno lake la redio sijapata la kulijibu.

Tarehe 10 ina vituko zaidi. Ilikuwa Siku ya Moi, na baba yangu anakumbuka kuimba kwaya na kunywa maziwa ya Nyayo shuleni. Katiba ya 2010 haikuitaja miongoni mwa siku za taifa, ikakaa kimya miaka kadhaa, kisha mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema bado ni sikukuu kisheria. Baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na tangu 2024 ni Siku ya Mazingira, siku ya kupanda miti. "Mazingira" ni neno letu la Kibantu, kutoka kitenzi "zingira", yaani kile kinachokuzunguka. Nyanya hucheka: "Ati siku moja inabatizwa mara tatu!"

Hata hivyo hiyo ndiyo aliyoipenda. Tarehe 10 mwaka huo wa 2024 nilileta mche wa avokado kutoka shuleni, tukaupanda nyuma ya jiko. Nyanya akaumwagia maji, akauita kwa jina la baba yake. Mpaka sasa mbuzi wa jirani wamekula majani mawili tu.