Kijana Ana Kalamu, Mnamtafutia Wavu

Ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Kazimia. Mwanangu wa kwanza ametimiza miaka 16, yuko sekondari. Tangu Pasaka ananisumbua anataka kazi ya baada ya shule, apate franga za kununua simu na za kunisaidia minervali ya shule. Mjomba wake, yaani mdogo wangu, ana boti ya ndagala. Anasema atamchukua ziwani usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Mwenye kibanda cha kuchaji simu sokoni naye anamtaka, kila siku, toka saa saba mchana mpaka saa mbili usiku. Rafiki zake wawili walikwenda Misisi kwenye dhahabu na mmoja amerudi na pikipiki, basi kila siku naisikia hiyo pikipiki. Mimi naelekea kwa mjomba kwa sababu ni damu. Nikimwambia asubiri, anakasirika. Anasema muda anao, maana hata sasa kila Jumamosi asubuhi anamwandikia jirani yetu kaye, daftari la madeni ya ndagala, na halipwi kitu. Jirani huyo tuliishi naye kambi ya wakimbizi ya Lugufu, ni kama dada yangu. Nifanye nini?

Mama wa Kazimia

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nikaona kwamba jibu umeliandika mwenyewe, kule chini, kwa haraka, kama mtu anayetaja mvua ya jana. Nitalifikia. Kwanza tuziondoe njia zile nyingine.

Misisi sitakaa nayo sana. Unasema rafiki mmoja amerudi na pikipiki. Wa pili yuko wapi? Hukuniambia, na nadhani hata kijana wako hajakuambia. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, kwenye machimbo mengine ya dhahabu, mvua kubwa iliangusha udongo kwenye mashimo na watu wapatao 50 wakafa, wengi wao vijana. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inamhesabu kijana wako kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na mtoto hana ruhusa ya kushuka shimoni, hata akiwa na mabega kama ya baba yake. Na kwa kuwa tunaishi Fizi na tunajuana, niongeze hili: mtu akija kutafuta vijana wa kubeba mizigo kupanda milimani, na hasemi mzigo ni wa nani, usimwachie mwanao hata kwa siku moja.

Kibanda cha simu ni kazi safi. Kijana anajifunza kufunga kikaratasi chenye namba kwenye kila simu, kutofautisha betri za taa za wavuvi, na kumkabili mteja anayeapa kwamba simu yake ilikuja na kava. Ingekuwa siku mbili kwa wiki, ningekuambia mpeleke kesho. Lakini saa saba mpaka saa mbili usiku, kila siku? Hiyo ni siku nzima nyingine iliyopachikwa juu ya siku ya shule. Masomo atayafanya saa ngapi, na kwa macho gani?

Sasa mjomba. Hapa najua nitakuudhi. Kazi ya boti naiheshimu, imetulea wengi. Lakini wewe na mimi tunajua inavyokwenda. Wanatoka jua likizama, wanawasha taa, wanasubiri ndagala zipande kwenye mwanga, wanavuta wavu, wanasubiri tena, mpaka alfajiri. Samaki wakishauzwa, yanatolewa kwanza mafuta, linatolewa fungu la tajiri, na kinachobaki ndicho wanachogawana wavuvi. Aliyeingia jana anapata nini? Mboga ya kupeleka nyumbani. Likizo kubwa nayo inaangukia kiangazi, upepo wa kusini unapolichafua ziwa kuliko miezi mingine. Tena kwa sababu ni mjomba, kijana hataweza kudai. Kwa mgeni unauliza, "Malipo yangu?" Kwa mjomba unainamisha kichwa na kusema asante. Damu inafaa sana siku ya msiba, ila siku ya malipo inaziba mdomo.

Nilipokuwa na umri wa mwanao nilibeba ndoo za samaki ufukweni Baraka kwa mtu aliyekuwa akila kwetu. Kila jioni aliniambia "kesho". Mpaka leo ananidai heshima, na mimi namdai ndoo zangu.

Turudi kwenye kaye. Unasema kijana anaandika madeni ya ndagala za jirani yenu kila Jumamosi. Dada, hiyo ni kazi, na ni bora kuliko zote ulizoniorodheshea! Tazama anachofanya pale. Ndagala zimemwagwa mchangani, zinageuzwa kabla hazijashikana, watoto wanafukuza kunguru, na katikati ya kelele hizo yeye anaandika: fulani kachukua beseni mbili, kalipa moja, mama wa kule juu kachukua ndoo, atalipa soko likija. Anajua nani analipa na nani ana maneno matamu. Anajua mvua ikinyesha kabla ya saa sita, bei ya mzigo ule inaanguka, kwa hiyo anajifunza kutazama mawingu kwa jicho la mfanyabiashara. Hesabu anayofundishwa shuleni anaiona hapa ikiwa na magamba. Na yote hayo mchana, nchi kavu, mbele ya macho ya watu.

Kuna jambo jingine linalonipendeza. Mbalamwezi ikikomaa, taa za wavuvi hazivuti samaki, boti zinakaa. Kwa hiyo kila mwezi kaye itampa siku kadhaa za kupumua, na hizo ni za vitabu.

Kilichobaki ni malipo, na hapo ndipo wewe umekwama, siyo yeye. Mtu mliyekula naye posho ya kambi, utamwambiaje akulipe? Basi usimwambie wewe. Ukienda wewe, yatakuwa mazungumzo ya akina mama wawili na Lugufu nzima itakaa katikati yenu. Aende kijana mwenyewe, siku ya katikati ya wiki, jirani akiwa hana wateja. Aseme hivi: "Mama mdogo, shikamoo. Kaye yako naipenda na nataka niishike vizuri zaidi. Nitakuja Jumatano baada ya shule na Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi nitakusomea wanaodaiwa wote. Naomba tupatane, kila wiki unipe kiasi gani." Kisha anyamaze. Vijana hushindwa hapo: wanataja bei, wanaona haya, wanaipunguza wenyewe kabla hawajajibiwa.

Apatane kwa wiki, asikubali kulipwa kwa ndoo. Ndagala zina siku zao. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa letu hili toka tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, na anayelipwa kwa ndoo, ziwa likifungwa, yeye naye amefungwa. Lakini ndagala zikikosekana, madeni hayakosekani, na mwenye kuyajua ni mwenye kaye. Jirani akisema hana uwezo, kijana ashukuru, aendelee wiki mbili za kumuaga kwa heshima, halafu amrudishie kalamu yake. Hapo utaona kama uwezo haupo kweli.

Kuhusu simu na minervali, usiyachanganye. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Sekondari bado inatukamua, najua. Patana naye sehemu ya minervali, na sehemu hiyo aipeleke shuleni kwa mkono wake mwenyewe, arudi na risiti. Inayobaki ni yake. Usiikope. Hata elfu moja ya sabuni usiikope, maana siku utakayoikopa ndiyo siku atakayoikumbuka tena ile pikipiki.

Na mjomba wake usimfiche. Mwambie umeshukuru, ila mpwa wake amepata kazi. Jumamosi alfajiri, akifika ufukweni na macho mekundu na boti imejaa, atamkuta hapo, kalamu sikioni, amekuja kumnunulia mama mdogo. Na ndoo zake atazihesabu mara mbili.