Mpime mwanao bayolojia: Maswali manane ya shambani, jikoni na mwilini

MUULIZE mwanafunzi wa shule ya sekondari maana ya osmosisi, naye atakujibu bila kusita, neno kwa neno kama alivyoandika daftarini. Kisha muulize kwa nini mtoto anayeharisha hutiliwa sukari na chumvi katika maji yake ya kunywa. Hapo wengi hunyamaza. Ilhali maswali hayo mawili, mpenzi msomaji, yana jibu la namna moja.

Bayolojia haikuwekwa shuleni ili watoto wapate alama pekee. Iliwekwa ili mtu aufahamu mwili wake, chakula chake na mimea inayomlisha. Lakini mtihani una nguvu zake. Katika KCSE, karatasi mbili za nadharia zina alama 80 kila moja, na ile ya vitendo ina alama 40. Si ajabu basi mwanafunzi akitumia muda wake mwingi kukariri.

Sisi madaktari hukutana na matokeo ya ukariri huo kliniki. Huja mzazi aliyepita vizuri mtihani wake zamani, akiwa na mtoto aliyenyauka kwa kuharisha siku tatu, na nyumbani hakuna aliyekumbuka kwamba dawa ya kwanza ilikuwa jikoni.

Kwa hivyo wiki hii nimekuandalia maswali manane, manne ya mimea na manne ya binadamu. Yamepangwa mawili mawili kwa sababu la mmea humsaidia mwanafunzi kulielewa la mwili. Msomee mwanao swali, umwache ajibu kabla hujatazama jibu. Mpe alama moja akieleza sababu, na alama nyingine akisema jambo hilo lina faida gani nyumbani. Jumla ni alama 16. Nawe mzazi, usiogope kujipima.

Swali la 1: Sukumawiki iliyonyauka ikitiwa katika maji safi hukakamaa tena. Ikitiwa katika maji yenye chumvi nyingi hulegea zaidi. Kwa nini?

Jibu: Chembechembe za jani zina ukuta laini wa ndani unaopitisha maji kwa urahisi kuliko chumvi. Maji husafiri kutoka mahali penye chumvi au sukari kidogo kwenda mahali penye nyingi. Katika maji safi, maji huingia ndani ya jani likajaa. Katika maji ya chumvi, jani ndilo linalonyang'anywa maji yake. Hiyo ndiyo osmosisi. Faida yake nyumbani ni kwamba mboga iliyolegea kwa jua si lazima itupwe.

Swali la 2: Mtoto anaharisha. Kwa nini hatumpi maji matupu pekee, bali maji yenye sukari na chumvi? Na je, tukizidisha chumvi?

Jibu: Anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi. Katika utumbo mwembamba, chumvi na glukosi huingia mwilini pamoja, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja wakiwa wameshikana mikono. Vikishaingia, maji huvifuata. Sukari basi si ya kuleta ladha. Ndiyo inayoifungulia chumvi mlango. Lakini chumvi ikizidi, mtoto hupatwa na yaliyoipata sukumawiki: maji hutolewa katika chembechembe zake, na hata ubongo unaweza kuumia.

Elimu hii imeokoa watu wengi. Mwaka wa 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, Dkt Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kuwatundikia wagonjwa mishipani. Aliwapa maji ya sukari na chumvi wanywe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Nyumbani, tumia kwanza pakiti za ORS na ufuate kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji safi ya kunywa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kurundika. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Uliza pia kliniki kuhusu vidonge vya zinki. Macho yakididimia, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitalini mara moja.

Swali la 3: Je, ni kweli kwamba mmea uliowekwa chumbani usiku unaweza kumuua aliyelala kwa kumnyang'anya hewa?

Jibu: La. Mchana, jani hutumia mwanga wa jua, maji na kaboni dayoksaidi kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Hiyo ni usanisinuru. Lakini mmea pia hupumua, usiku na mchana, ukitumia oksijeni kama sisi. Usiku, pasipo mwanga, kupumua huendelea peke yake. Hata hivyo, oksijeni inayotumiwa na mmea wa chunguni ni kidogo mno, hata haiufikii ule mgao wa mtu mmoja aliyelala kitandani. Anayeogopa ua chumbani angeogopa zaidi kulala na ndugu yake.

Swali la 4: Ni kitu gani basi chumbani kinachoweza kumwua mtu usiku akiwa usingizini, bila moshi wala harufu?

Jibu: Jiko la makaa. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Damu yetu husafirisha oksijeni kwa hemoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania hemoglobini hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu huzunguka kama kawaida, lakini imebeba mzigo usiofaa.

Hapa Nairobi na sehemu nyingine za nyanda za juu, baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya watu kuingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Wengine husubiri moshi uishe kwanza wakidhani hatari imeisha. Haijaisha, makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Dalili ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mara nyingi huwapata wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja. Ukizishuku, watoe watu nje penye hewa safi kwanza, kisha wapelekwe hospitalini wapewe oksijeni. Na jiko lilale nje, kila siku.

Swali la 5: Jirani ana mipapai miwili. Mmoja hutoa maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu lakini hauzai. Amwambie fundi aukate?

Jibu: Asiharakishe. Mipapai mingi huwa ya kiume au ya kike, na mingine ina maua ya jinsia zote mbili. Ule wenye vikonyo virefu ni wa kiume. Kazi yake ni kutoa chavua, ambayo hupelekwa na upepo na wadudu hadi kwenye maua ya mti wa kike, yaliyokaa karibu na shina. Ukikatwa, na kama hapana mwingine wa karibu wenye chavua, ule wa kike unaweza kukosa kuzaa vizuri. Mtu ataulaumu mti wa kike kwa kosa lisilo lake.

Swali la 6: Mama amejaliwa wasichana wanne. Nani aliyeamua jinsia ya watoto hao?

Jibu: Kila yai la mama lina kromosomu ya X. Mbegu za baba ni za aina mbili: nusu zina X na nusu zina Y. Yai likikutana na mbegu yenye X huzaliwa msichana. Likikutana na yenye Y huzaliwa mvulana. Mama hana Y ya kutoa. Kwa hivyo inayoamua ni mbegu ya baba, naye pia hachagui ni ipi itakayotangulia kufika. Kila mimba huanza upya, na uwezekano ni karibu nusu kwa nusu, hata kama waliotangulia ni wasichana wanne.

Swali hili hutahiniwa mara kwa mara, na wanaume wengi wamelijibu sawasawa. Kisha wakaoa, na leo wake zao hutukanwa, hupigwa au huletewa mke mwenza kwa sababu hawajazaa mvulana. Wengine huongeza mimba juu ya mimba, huku miili yao ikichoka na damu ikipungua. Ikiwa kuna jibu moja la bayolojia ambalo kijana wako wa kiume hastahili kulisahau baada ya mtihani, ni hili.

Swali la 7: Majani ya mmea yanageuka manjano ingawa unapata maji na jua. Ni nini kinaweza kuwa kimepungua?

Jibu: Ukijani wa jani hutokana na klorofili, ambayo katikati yake kuna madini ya magnesiamu. Mmea unahitaji pia nitrojeni na chuma ili kuitengeneza. Madini hayo yakipungua udongoni, rangi hufifia, na jani haliwezi tena kutengeneza chakula cha kutosha. Mmea hudumaa. Mbolea inayofaa, wala si maji zaidi, ndiyo dawa.

Swali la 8: Msichana wa shule anachoka haraka, viganja na ndani ya kope zake ni vyeupe, na moyo humwenda mbio akipanda ngazi. Ni madini gani yanayoweza kuwa yamepungua, na juisi nyekundu ya biti itamtosha?

Jibu: Hemoglobini inafanana na klorofili kwa umbo, isipokuwa katikati yake kuna chuma badala ya magnesiamu. Chuma kikipungua, damu hupungua nguvu ya kubeba oksijeni. Wasichana walioanza kupata hedhi na akina mama waja wazito wako hatarini zaidi. Minyoo ya safura na malaria pia hupunguza damu, na sababu nyingine zipo, kwa hivyo apimwe kliniki kabla ya kununuliwa dawa.

Biti ni chakula kizuri, lakini wekundu wake hautokani na chuma. Tusitibu damu kwa kutazama rangi. Chuma hupatikana kwa wingi katika maini na nyama, pia katika maharagwe, ndengu na mboga za kijani. Kile cha mimea huingia mwilini kwa shida, lakini vitamini C ya chungwa, ndimu au nyanya hukisaidia. Chai hukizuia. Basi ugali kwa sukumawiki ufuatwe na chungwa, na chai isubiri saa moja hivi.

Sasa jumlisha alama. Aliyepata 12 na zaidi anaelewa anachosoma. Aliyepata kati ya 7 na 11 huenda ana maneno lakini bado hajayaunganisha na maisha. Aliyepata chini ya hapo asikemewe. Mwambie akate vipande viwili vya kiazi vilivyo sawa, kimoja akitie katika maji matupu na kingine katika maji ya chumvi, avipime urefu na kuvibonyeza baada ya saa moja. Hatahitaji kukariri osmosisi tena.

Jambo la mwisho kwako mzazi. Mwanao akiwa anasoma, awe anajiandaa kwa KCSE au yumo katika mtaala mpya wa umilisi, usimwulize tu, "Umepata ngapi?" Mwulize pia, "Na hilo mlilofundishwa leo, sisi hapa nyumbani tulitumieje?" Akishindwa kujibu, aende nalo kwa mwalimu wake kesho. Na usiku wa leo kabla hamjalala, mtume yeye mwenyewe alitoe jiko nje, akueleze kwa nini.