SOMO: BUSTANI YA NCHI YA BARIDI

Ndugu, sisi hatuna majira ya theluji. Huku karibu na ikweta baridi huletwa na kimo cha nchi. Ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Kwa hiyo mtu wa msitu wa Walikale na mtu wa milima ya Masisi hawawezi kulima bustani ya namna moja. Wengi wamehama kwa sababu ya vita, wakabeba mbegu za kwao. Mbegu hizo zikikawia, wasikate tamaa. Wapande mimea ya nchi waliyofikia.

Mimea ipi, na wapi?

Milimani: karoti, kabichi, poro, njegere, viazi.
Bondeni penye joto: lengalenga na muhogo. Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, maana mbichi ina sumu.

Kupanda karoti

1. Lima tuta kwa kukingama na mteremko, ili mvua isichukue udongo.
2. Chimba sana, toa mawe. Tia samadi ya ng’ombe iliyooza vizuri.
3. Panda mbegu palepale tutani. Karoti haipendi kuhamishwa.
4. Miche ikisongamana, ng’oa mingine.

Lengalenga hutupa mbegu zetu wenyewe. Karoti na kabichi kwa kawaida hungoja baridi ya majuma mengi kabla ya kutoa maua. Kwa hiyo mbegu zake hununuliwa.

Kula kabla ya kuuza

Watu hupeleka karoti Goma, na watoto hubaki na viazi vitupu. Viazi vyeupe hushibisha, lakini havina vitamini A inayolinda macho. Kabichi nyeupe nayo ina kidogo tu. Karoti na majani ya kijani ndiyo yenye nyingi. Yapike na mawese mekundu kidogo. Mafuta husaidia mwili kuipokea.

Mama, mtoto wako akijikwaa jua linapotua, wakati wenzake wanaona njia, mlete hospitali upesi. Ukikawia, anaweza kupofuka kabisa. Basi, tenga tuta moja lisilouzwa. Hilo ni la watoto.

Maswali

1. Kwa nini Masisi ni baridi kuliko Walikale?
2. Kwa nini viazi peke yake havitoshi?
3. Nyumbani kwako, tuta la watoto liko wapi?