Kipimo cha CT cha Moyo: Namba Isomwe kwa Tahadhari

Mtumiaji wa huduma anayelipia kipimo cha CT cha moyo hutoka na karatasi yenye namba. Namba hiyo yaweza kumwondolea wasiwasi, kumwanzishia dawa au kumpeleka kwenye vipimo vingine vya gharama kubwa. Katika somo hili tunaeleza jinsi inavyopatikana, kwa nini hubadilika hata pale ambapo mishipa haijabadilika, na mambo ya kuuliza kabla ya kulipa.

Kinachopimwa

Ndani ya kuta za ateri zinazolisha moyo hujengeka utando wa mafuta, seli na nyuzinyuzi. Kadiri miaka inavyopita, sehemu ya utando huo hupata madini ya kalisi na kuwa ngumu. Kipimo cha kalisi hakihitaji sindano, nacho hutafuta sehemu hizo ngumu peke yake.

Njia ya kuhesabu iliyoenea zaidi ilichapishwa mwaka 1990 na Arthur Agatston na wenzake. Msongamano hupimwa kwa vizio vya Hounsfield, ambavyo kwavyo maji ni 0. Doa linalofikia vizio 130 huhesabiwa kuwa kalisi. Eneo lake kwa milimita za mraba huzidishwa kwa 1 iwapo kilele cha msongamano ni 130 hadi 199, kwa 2 kikiwa 200 hadi 299, kwa 3 kikiwa 300 hadi 399, na kwa 4 kikiwa 400 au zaidi. Jumla ya madoa yote ndiyo alama. Kwa kawaida alama 1 hadi 99 huitwa kiasi kidogo, 100 hadi 399 kiasi cha wastani, na 400 au zaidi kiasi kikubwa.

Kwa nini namba hubadilika

Tuchukue mfano. Doa la milimita za mraba 5 lenye kilele cha 195 hupata alama 5. Kipimo kikirudiwa na kilele kikasomeka 205, doa lilelile hupata alama 10. Ateri haikubadilika; alama imekuwa maradufu. Kwa mwenye alama ndogo, tofauti ya namna hii huonekana kubwa zaidi.

Sababu ni nyingi: moyo kupiga kwa kasi, mgonjwa kushindwa kuzuia pumzi, unene wa mwili unaofifisha picha, au kipande cha picha kuanzia mahali tofauti. Nguvu ya mashine nayo ina athari. Njia ya kawaida hutumia kilovolti 120. Zikipunguzwa bila marekebisho, kalisi huonekana nzito kuliko ilivyo.

Utando laini huhitaji kipimo kingine, kinachotumia dawa ya kung'arisha mishipa inayodungwa mkononi. Hapo programu ya kompyuta hukadiria ujazo wa utando. Programu mbili zaweza kuchora mpaka wa ukuta wa ateri kwa namna tofauti. Kwa hiyo majibu yake yasilinganishwe moja kwa moja.

Kisichosemwa na namba

Alama 0 haithibitishi kwamba hakuna utando laini. Mwenye maumivu ya kifua aende hospitali mara moja, hata kama alama yake ya awali ilikuwa 0. Aidha, dawa za statini zaweza kuongeza kalisi huku zikipunguza hatari ya shambulio la moyo. Asiache dawa kwa sababu alama imepanda. Azungumze kwanza na daktari wake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, kituo kina leseni ya kutumia mionzi? Nchini Tanzania, matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomi (TAEC).
2. Usahihi wa mashine ulihakikiwa lini mara ya mwisho?
3. Je, picha hupigwa kwa kufuata mapigo ya moyo?
4. Je, ripoti itataja njia ya kuhesabu, kilovolti, unene wa vipande na programu iliyotumika?
5. Je, nitapewa picha zenyewe pamoja na ripoti?
6. Nitapokea mionzi kiasi gani? Kipimo cha kalisi kwa kawaida hutoa takribani milisiveti 1; wastani wa mionzi ya asili duniani ni takribani milisiveti 2.4 kwa mtu kwa mwaka.

Iwapo daktari ataagiza kipimo kirudiwe, tunashauri kifanyike kituo kilekile, kwa mashine na njia ileile. Pasipowezekana, picha za zamani zipelekwe kituo kipya ili mtaalamu mmoja wa radiolojia azisome zote mbili kwa pamoja. Ndipo itakapojulikana kama kilichobadilika ni ateri au ni upimaji.